Mikono Isiyosikia Moto

Kindu, Kasuku, 9 Februari 1988

Yaya Waziri,

Nisamehe, kaka yangu. Barua yako ya mwezi wa kumi ilifika, nikaiweka chini ya mkeka nikisema kesho nitajibu, na kesho yangu imechukua miezi. Kwanza mimba ilikuwa nzito, halafu mtoto akaja, na tangu aje nikikaa chini ni kwa kunyonyesha tu. Hata hii ninaandika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika. Ukiona mstari umepinda, ujue ni yeye amepiga teke.

Ni msichana. Alizaliwa Jumanne tarehe 12 Januari, na nilitoka salama, namshukuru Mungu. Tumemwita Safi, jina la mama. Sudi alitaka jina la mama yake. Nikamwambia huyo atapata wa pili, akicheza vizuri.

Sasa nikupe yaliyo moyoni. Mama alivuka mto kutoka Alunguli siku ya tatu, akaja kukaa kwangu arobaini nzima ili anikande. Wewe mwanamume hukuwahi kuingia chumba cha mzazi, basi nikueleze: asubuhi na jioni wanachemsha maji na majani ya mpera, mama anachovya kitambaa, anakamua, anakukanda tumbo na mgongo ili mwili urudi mahali pake. Kabla ya kuchovya anapima maji kwa mkono wake. Ndivyo alivyofanya kwa dada wote wa kartie, mtaa mzima, na hakuna aliyelalamika.

Mimi, Yaya, nilikuwa ninaungua. Mama anatia mkono ndani ya sufuria, anautoa, anasema, "Iko vuguvugu tu," halafu kitambaa kinanigusa ninaruka. Siku za kwanza nilivumilia, maana wanasema mzazi anayelia maji atalea mtoto mlegevu. Juma la pili ngozi ya mgongo ikatoa malengelenge. Nikamwomba aongeze maji baridi. Akacheka. "Uliolewa na mutu wa bureau, sasa mwili yako imekuwa karatasi."

Siku ya ishirini akaandaa beseni la mtoto. Alitia mkono mpaka kwenye kifundo, akauacha humo huku akinisimulia habari za jirani, akasema yamepoa, nimpe ya moto kidogo. Mimi nikachovya kidole kimoja. Nikakitoa mbio. Mtoto alikuwa tayari uchi mkononi mwake. Nikamchukua, nikasema maneno ambayo nilipaswa kuyameza. Nilisema, "Mama, mtoto huyu hutamwosha tena."

Alifunga kitenge chake, akachukua kikapu, akaenda mtoni. Leo ni siku ya nane yuko kwake Alunguli na hajatuma hata salamu. Mashangazi wa Sudi wanasema nimemfukuza mama yangu ndani ya arobaini. Labda ni kweli. Lakini mtoto ni wangu, na sitamrudisha ndani ya lile beseni ili watu wanisifu.

Ninachokuomba: umwandikie. Wewe ni nusu docta sasa, atakusikiliza. Mwambie kwa upole kwamba maji ya kumwoshea mtoto si ya kunyonyolea kuku. Sijui ukali huu ameutoa wapi, hakuwa hivi. Mwili wake hauna neno, ule ugonjwa wake wa sukari umetulia kabisa, na vidonge anasema havihitaji tena tangu mfungo wa mwaka jana.

Sudi anakusalimu, yuko salongo leo, ile kazi ya lazima ya serikali, amechukua jembe letu na hatalirudisha safi.

Mdogo wako,
Hadidja


Kisangani, 22 Februari 1988

Hadidja mdogo wangu,

Pongezi kwa Safi mdogo. Nimefurahi mpaka nikausoma mara tatu mstari ule wa kuzaa kabla ya kuendelea. Halafu nikaendelea, na nikasimama.

Sitamwandikia mama. Ninakuandikia wewe, na ukimaliza kusoma mpe Sudi mtoto akushikie, uvuke mto.

Mama hajawa mkali. Mama hasikii maji.

Mtu mwenye mikono mizima hawezi kuacha mkono ndani ya maji yaliyokuunguza wewe kidole. Haiwezekani, hata akiwa shujaa. Mikono yake imekufa ganzi, naye amezoea pole pole hivi kwamba anadhani maji ndiyo yaliyobadilika. Na sasa sikiliza vizuri: ganzi ya sukari haianzi mikononi. Inaanza kwenye vidole vya miguu, inapanda kama soksi, na inapofika karibu na goti ndipo mikono nayo inaanza. Kwa hiyo usihangaike na mikono. Mikono imekuja kutupa habari tu. Miguu yake imelala zamani. Angalia nyayo. Angalia katikati ya kila kidole, chini ya kisigino, pembeni ya kucha. Mtu wa namna hii anaweza kutembea juu ya kisu na asijue, na kidonda chake kikachimba mpaka mfupa huku akicheka na majirani.

Umeniandikia kwamba sukari imetulia. Sukari haitulii yenyewe. Mwezi wa nane mama aliniambia vidonge anavimeza kila asubuhi. Basi mmoja wetu amedanganywa, na naona ni mimi.

Utaniuliza sukari inauaje neva, kitu kitamu hivyo. Nikueleze kama mwalimu wetu alivyotueleza mwezi huu, nikiacha maneno ya Kifaransa. Kila punje ya mwili ina jiko lake dogo ndani. Kuni zake ni sukari. Kuni zikiwa za kiasi, jiko linawaka taratibu, na cheche chache zinazoruka mwili unazizima, maana unao wazima-moto wake. Kuni zikizidi, mwaka baada ya mwaka, cheche zinaruka ovyo kuliko wazima-moto walivyo wengi. Zinaunguza mishipa ile myembamba kama uzi inayolisha neva, na neva zenyewe. Zinaunguza nyuma ya jicho. Zinaunguza figo. Wataalamu wanaiita stress oxydatif, na bado wanabishana sehemu yake ni kubwa kiasi gani. Lakini hakuna anayebisha kwamba kuni zikipungua, cheche zinapungua.

Neva iliyoungua kabisa sikuahidi itarudi. Ngozi na mfupa vinaweza kuokolewa, ukiwahi.

Usimwogopeshe. Lakini usikubali akuambie hapana. Nijibu kwa mtu wa kwanza anayepanda boti ya kwenda Ubundu, kuja huku.

Yaya wako,
Waziri


Kindu, 8 Machi 1988

Yaya Waziri,

Barua yako ililetwa na Asumani, yule wa mchele, Jumamosi. Jumapili asubuhi nilikuwa ndani ya mtumbwi.

Lakini nilijua nikifika na kusema "Mama, lete miguu niikague," angenifungia mlango. Mimi ndiye niliyemkosea. Na mtoto gani anamkagua mama yake nyayo kama anakagua mbuzi? Basi nilienda kuomba radhi kama inavyotakiwa. Nilichukua sabuni mpya, hina, na mtoto mgongoni. Arobaini ilikuwa imekwisha, ninaruhusiwa kutoka. Nikapiga magoti mlangoni nikasema nimekuja kuosha miguu yake na kumpaka hina, anisamehe maneno yangu. Unajua hiyo hakuna mama anayeikataa.

Yeye alitaka kuikataa, Yaya. Hapo njo nilianza kuogopa. Alikunja miguu chini ya kitenge akasema amekwisha kunisamehe, basi, tule. Nikasema sili. Akasema hina anayo tayari, amejipaka mwenyewe. Nikasema nitapaka juu yake. Akasema, "Utatafuta nini huko chini? Iko dhahabu?" Nikamwekea Safi mdogo mapajani, akawa na mikono miwili imejaa mtoto, nami nikavuta beseni. Maji nilipima mwenyewe.

Mguu wa kulia ni mzima, isipokuwa umepasuka kisigino. Wa kushoto ulikuwa na hina nzito chini, nyeusi, imepakwa juu ya nyingine na nyingine. Nilisugua kwa sabuni taratibu. Ilitoka kama gamba. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu, mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe na ngumu, na ndani kuna weusi. Harufu ikatoka. Nilibonyeza pembeni yake huku nikimwangalia usoni. Alikuwa anamwimbia mtoto. Hakujua kama nimegusa.

Nikachukua kiatu chake cha tairi cha mguu huo, nikapitisha mkono ndani. Msumari. Ncha yake imesimama kama jino. Sijui ametembea juu yake siku ngapi. Nikamshikisha kidole chake juu ya ncha, hakusikia kitu, akaona damu tu.

Hapo ndipo alipoacha kuimba. Akasema alijua kuna unyevu, aliona alama kwenye sakafu, akaweka hina ikauke. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akaniambia, "Baba Okito alienda hospitali na kidole, alirudi na muguu moja. Mimi siendi."

Yaya, nililia, na mtoto akalia, na yeye akatutazama wote wawili kama tumemharibia Jumapili. Nikafuta machozi nikamwambia hivi: ukienda leo, labda watakata kidole, labda hawatakata kitu. Ukikaa na hina yako watakata mguu, au tutakuzika nao. Mtoto huyu ana jina lako, na mimi sitamsimulia bibi yake kwa picha. Nilisema nitakaa hapo mlangoni na mtoto, sili, sinywi, na maziwa yangu yakikauka ni juu yake. Yalikuwa maneno mabaya ya kumwambia mama. Nilimaanisha kila moja.

Mwishoni akasema nimfungie kikapu.

Sudi na mwenye mtumbwi walimbeba kutoka mtoni mpaka kwenye dispensere ili asikanyage. Alikuwa na haya mpaka akafunika uso kwa kitenge. Onema, yule infirmier mrefu wa kule Kibombo, ndiye muuguzi aliyekuwa zamu. Alitia matone ya mkojo wa mama ndani ya maji yake ya buluu, akayapasha juu ya taa ya spiriti. Yakawa kijani, yakawa manjano, yakaishia rangi ya tofali. Alinionyesha: rangi hiyo ni sukari tele. Halafu akamkata nyama iliyokufa kwa mkasi, mama akimwuliza habari za shangazi zake wa Kibombo, haumii hata kidogo. Mimi ndiye niliyeumia. Akachokoa kwa chuma chembamba, akasema bado hajagusa mfupa, na hapo alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. Nami nikapumua.

Daktari amemwona jana. Hakati sasa. Atamwangalia siku kumi na nne: weusi ukipanda, kidole kitatoka, labda na zaidi. Ukikaa ulipo, atangoja. Mama yuko kwangu, kwenye kitanda chetu, sisi chini. Vidonge alivyobaki navyo vilikuwa ndani ya kopo la chumvi, vyote, tangu mfungo. Vilimpa kizunguzungu alipokuwa amefunga, akaviacha, na hakutaka kukuhuzunisha.

Sasa nijibu mambo mawili. Zile cheche, kuna dawa ya kuzizima? Jirani yangu Jacqueline amesikia kuna vitamini zinazofanya kazi hiyo. Na la pili: kule kuungua kwangu mgongo, siku zote zile nilidhani ananiadhibu. Je, ningejua mapema ningeweza kuuokoa mguu huo? Usinifiche.

Hadidja


Kisangani, 19 Machi 1988

Hadidja,

Umefanya kazi ambayo sisi darasani tunaisoma tu. Nakuandikia haraka, Asumani anaondoka leo na mzigo wake, na ndani yake kuna vidonge vya miezi miwili na bendeji nilizozipata.

La pili nalijibu kwanza. Hapana, hukuchelewa wewe. Aliyechelewa ni mimi. Mwezi wa nane nilipokuja likizo, tulitoka na mama kwenda sokoni. Njiani kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope, naye akaendelea kutembea, mguu mmoja mtupu, hatua ishirini au zaidi, akiongea. Nilicheka. Nilimwambia ameanza kuzeeka. Tulicheka wote wawili. Mimi, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, niliona mguu usiosikia ardhi na nikaufanya mzaha. Sijamwambia mtu jambo hili. Wewe uliunguzwa mgongo ndipo habari ikafika. Basi usijihukumu.

La kwanza: vitamini. Ni kweli wazima-moto wa mwili wanaishi kwa vitu vilivyomo kwenye chakula, na kuna watu Ulaya wanaojaribu kuwapa wagonjwa wa sukari vidonge hivyo. Nimemwuliza mwalimu. Amesema hakuna hata mmoja aliyeonyesha kwamba vidonge hivyo vimeokoa mguu wa mtu. Mwambie Jacqueline asante, na usihangaike kuvitafuta. Mpe mama sombe ya muhogo, matembele, mawese kidogo ambayo hayajachomwa mpaka yakawa meupe. Hicho ni chakula kizuri, si dawa. Kumwaga maji juu ya cheche huku unaongeza kuni ni kazi bure. Punguza kuni: bugali na wali kwa kiasi, ndizi zilizoiva aziache, vidonge kila siku pamoja na chakula, asikose kula baada ya kumeza. Akitetemeka na kutoka jasho ghafla, mpe sukari mara moja na uite Onema. Najua inashangaza. Hapo vidonge vimeishusha kupita kiasi.

Mguu usikanyage chini. Hata kwenda msalani. Kidonda kile hakiponi kwa sababu kila hatua inakifungua tena, na hakuna maumivu ya kumwambia asimame. Nyinyi ndio mtakuwa maumivu yake. Usiuloweke kwenye maji ya moto hata kama mashangazi wote wa Maniema wameagiza. Ukifungua bendeji ukaona nyama nyekundu yenye vipunje vipunje, inayotoa damu kidogo ukiigusa, hiyo ni nyama hai.

Siwezi kusoma. Nafungua kitabu naona kifungo cha shati.

Waziri


Kindu, 30 Machi 1988

Kwa mwanangu Waziri, kutoka kwa mama yako Safi, amani na iwe juu yako na juu ya vitabu vyako.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuo, maana herufi zenu za shule sikufundishwa. Ukishindwa kusoma, kuna mwalimu wa kurani huko Kisangani, mpe akusomee, lakini awe mtu mzima asiyecheka. Kalamu naishika kwa kuiangalia, kwa kuisikia siisikii. Hadidja hajui kama naandika. Amekwenda sokoni na ameniacha na Sudi kama mlinzi, na Sudi amelala.

Dada yako amekuwa askari. Ananipimia wali kwa kikombe cha mtoto. Nikiweka mguu chini anasikia kutoka nyumba ya pili. Jana nilitaka kwenda msalani mwenyewe, mita sita tu, akanikuta nimesimama, akakaa chini mbele ya mlango akasema nipite juu yake. Nikarudi kitandani. Mimi niliyemzaa.

Nimesikia barua zako zote, amenisomea, hata ile ya kiatu kwenye tope. Hiyo usiilie. Hata mimi nilicheka, na kiatu kilikuwa changu.

Lakini kuna neno ambalo sijamwambia mtu, na wewe uko mbali, nitaweza kukuambia. Mikono nilijua. Tangu kabla Hadidja hajabeba mimba hii nilijua. Nilidhani sindano imeanguka kutoka vidoleni, nikaitafuta sakafuni kumbe bado iko imechomeka kwenye kidole. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu mwanamke ambaye mikono haisikii, nani atampa mzazi amkande? Nani atampa mtoto mchanga? Nimewakanda wote Alunguli. Hadidja ni binti yangu wa pekee, nilingoja siku hiyo miaka. Nikasema nitapima maji kwa macho, kwa mvuke. Mvuke mwingi ni moto, mvuke kidogo ni vuguvugu. Lakini asubuhi za mwezi wa kwanza mvua inanyesha, kila kitu kinatoa mvuke, na mimi nikaongopewa na macho yangu.

Hadidja alipomchukua mtoto mikononi mwangu, niliona kidole chake chekundu. Nikaelewa yote pale pale. Sikuondoka kwa hasira, mwanangu. Niliondoka kwa sababu niliona nilichokuwa karibu kukifanya. Nilikaa Alunguli siku zote zile nikisema afadhali wadhani nina hasira.

Sasa wewe mwambie. Mimi nikimwambia atalia, na akilia maziwa yanapungua.

Mguu, wanasema weusi haujapanda. Mimi siwezi kujua, hauniambii kitu. Ninamwangalia Hadidja usoni akifungua kitambaa. Juzi alikunja uso. Leo hakukunja.

Mama yako,
Safi binti Abedi


Kindu, 13 Aprili 1988

Yaya Waziri,

Kidole kimebaki. Naandika hilo kwanza usije ukatafuta chini ya karatasi.

Siku kumi na nne zilikwisha, daktari akaongeza saba mara tatu, zikaisha nazo. Jana alifungua, akageuza mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaita Onema aje aone. Tundu limejaa kutoka ndani. Lilikuwa kifungo cha shati, sasa ni punje ya mahindi, na ndani ni wekundu wa vipunje kama ulivyosema, lilitoa damu alipolifuta. Sikuwahi kufurahia damu namna hiyo. Akasema, "Huyu hatukati." Mama akamwuliza arudie, anasema sikio nalo lina sukari. Akarudia. Mama akafunika uso kwa kitenge, na safari hii hakuwa na haya. Tulimsubiri wote mpaka akamaliza.

Maji ya buluu ya Onema yalisimama kwenye kijani. Si buluu, lakini kijani. Alimwonyesha mama, naye akaenda akiwaeleza wagonjwa wote wa foleni kwamba wengine wanabadilisha rangi ya nguo, yeye anabadilisha rangi ya chupa.

Barua yako ya tarehe 6 imefika, na ndani yake maneno ya mama uliyoninakilia kwa herufi zetu. Ulifanya vizuri kuniambia, na yeye alifanya vizuri kupitia kwako. Nilikaa nyuma ya nyumba na barua hiyo mpaka mtoto akaamka. Miezi miwili nimebeba mgongoni jambo ambalo halikuwapo. Nilidhani mama ananifunza uvumilivu kwa moto, kumbe alikuwa anatafuta vuguvugu kwa macho, katikati ya mvua. Na maziwa hayakupungua, mwambie, amekosea.

Sikumwambia kama nimesoma. Lakini leo asubuhi nilichemsha maji ya mtoto, nikaongeza ya baridi, nikapima kwa kiwiko changu, nikapima tena. Halafu nikaweka beseni mbele ya kitanda chake, nikamtoa Safi mdogo nguo, nikamkabidhi. Nilisema tu, "Maji nimepima mimi." Akakunja mikono ya gauni. Mikono haisikii moto, Yaya, lakini inajua kumshika mtoto kichwa, inajua kusafisha nyuma ya sikio, haikusahau. Mimi nilikaa karibu nikijifanya ninachambua mchele. Aliniuliza mara mbili kama yangali vuguvugu. Mara mbili nilitia kidole nikamjibu. Hivyo ndivyo tutakavyofanya: ngozi yangu, mikono yake.

Mfungo unaingia siku chache hizi. Alikuwa ameanza kunizunguka na maneno, kwamba atafunga siku tatu tu, za mwanzo. Nilimwendea shehe wa kartie mwenyewe, nikamweleza vidonge, kizunguzungu, na kopo la chumvi. Alisema mgonjwa wa namna hii analisha maskini badala ya kufunga, na akaja kumwambia mbele yangu ili asigeuze. Mama alimwambia shehe kwamba mimi ningefaa kuwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Shehe akasema kwa sauti hiyo, ndiyo. Basi tumekubaliana, yeye atapika futari na kuonja chumvi mchana kwa niaba yetu sote, hiyo kazi anaipenda.

Kila asubuhi ninageuza nyayo zake kwenye mwanga, kulia halafu kushoto, katikati ya kila kidole. Hakunji tena miguu. Anasema ameniachia kama mtu anavyoacha redio kwa fundi. Macho yake umesema yaangaliwe. Onema anasema daktari wa macho anapita Kindu mwezi wa sita, nimeandikisha jina lake liwe la kwanza kwenye orodha. Na ganzi haijarudi nyuma hata kidogo, nimemjaribu kwa unyoya wa kuku akiwa amefumba macho. Sikutegemea. Uliniambia kweli mapema, na ninashukuru, maana sasa ninachokipata chote naona ni faida.

Wewe soma sasa. Fungua kitabu chako. Hakuna kifungo tena.

Asumani anarudi Kisangani na boti ya wiki hii, anangoja mlangoni, basi nimalizie. Vya kuleta ni hivi, na usiongeze vingine vya kupendeza.

Vidonge vya sukari, vya miezi mitatu, vile vile vya mwanzo, usibadilishe rangi, atakataa.

Bendeji pana, kumi. Gozi ya kufunikia kidonda, pakiti sita. Pamba ninayo.

Chupa moja ya maji ya buluu kwa Onema, alitupimia ya kwake mpaka karibu iishe.

Kioo kidogo chenye mpini, ili siku nikiwa sipo aangalie chini ya mguu mwenyewe.

Na viatu vya kufunika vidole, ngozi laini, vya kushonwa. Usikisie namba. Nimemsimamisha juu ya karatasi dakika moja, kwa ruhusa ya Onema, nikazungusha kalamu. Nyayo zote mbili zimo ndani ya bahasha hii. Mpe fundi karatasi yenyewe, asipunguze mahali pa bendeji. Jozi nzima, Yaya, cha kulia na cha kushoto.

Hadidja